Mkakati wa kikanda ulioratibiwa wa kuzuia majeraha maana yake nini?

"Ajali haina kinga," tunasema, kisha tunaanza kuchangishana pesa za hospitali. Neno lenyewe limetuponza. Ajali imetoka kwenye Kiarabu, ambako ajal ni muda aliopangiwa mtu, siku yake ikifika. Ndiyo sababu wanaofanya kazi ya kinga hulikwepa na kusema majeraha. Jeraha lina chanzo, na chanzo kinashikika: mwendo wa gari, ghorofa isiyo na ukingo, sufuria ya uji juu ya jiko la mkaa lililowekwa sakafuni katika chumba kimoja cha Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mtoto akitambaa kando yake. Kuungua, kuanguka, kuzama na kupigwa, yote yamo humo pamoja na kugongwa barabarani.

Kikanda ni kuvuka mipaka ya utawala. Kuratibu nako kuna undugu na ratiba: kila mmoja ajue zamu yake.

Twende Githurai. Githurai 44 iko Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu, na boda boda hatambui mpaka huo. Stejini anapakia abiria wawili. Kofia ya abiria ni moja, imening'inia kwenye usukani, na hakuna anayeitaka: ina jasho la watu, tena nywele zimesukwa juzi. (Siwalaumu sana. Nami nimewahi kuirudisha.) Wakigongwa upande wa Kiambu, barabara kuu ya Thika ni ya mamlaka ya kitaifa, polisi ni wa serikali kuu, na huduma nyingi za afya ni za kaunti tangu Katiba ya 2010. Majeruhi huenda akakimbizwa hospitali ya Nairobi. Polisi wataandika kwenye OB, kitabu chao cha matukio, hospitali itafungua faili, na vitabu hivyo viwili huenda visikutane kamwe. Akifariki baada ya wiki mbili, nani atarudi kusahihisha hesabu? Kipimo kinachotumika kimataifa humhesabu kila anayekufa ndani ya siku 30. Bila hesabu moja, kaunti inayopokea majeruhi haina njia ya kuionyesha jirani yake ni kona ipi inayowaleta.

Daktari Mmarekani William Haddon, aliyeongoza shughuli za usalama barabarani katika serikali ya nchi yake miaka ya 1960, aliligawa tukio mara tatu: kabla, wakati wenyewe, na baada. Kabla, kwa boda wetu, ni mwendo, taa na barabara. Wakati wa kugongwa ni kofia, basi. Baada ndiko tunakokusahau: wanaofika kwanza ni waendeshaji wenzake, mikono mitupu, wanamnyanyua kwa mabega na miguu kumpakia kwenye gari lolote lililosimama. Kuwafundisha kuzuia damu na kutomkunja shingo ni kazi ya kinga kama ilivyo kujenga daraja la waenda kwa miguu, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa.

Kanda yaweza pia kuwa Afrika Mashariki nzima. Lori likitoka Mombasa hupita Nairobi, Malaba na Kampala hadi Kigali. Kuhusu uzito, nchi za Jumuiya zilikubaliana: tani 56, usizidishe. Lakini kutoka Uganda kuingia Rwanda, dereva yule yule huhama upande wa kushoto akaanza kuendesha kulia, na kama hakulala tangu Malaba, hilo ni jambo la kutisha. Huko Kigali, abiria wa pikipiki hupewa kofia na huivaa, hata aliyesukwa. Mkakati wa pamoja ungeanza kwa kuwauliza wenzetu hao jasho wamelitatuaje.