Stadi za kusuluhisha ugomvi: maana yake kwa kijana aliye rimandi

Ukilisikia jina hili utadhani ni somo la adabu: nyamaza, omba msamaha, shikaneni mikono. Mimi naliona karibu zaidi na kujifunza baiskeli. Unaonyeshwa, unaanguka, unarudia. Kijana hufunzwa kutambua hasira inapoanza kupanda, kusema kilichomuudhi bila kutukana, kumsikiliza mwenzake hadi amalize, kisha kutafuta mapatano ambayo wote wawili watayaweza.

Hapa Nairobi wanaohusika ni watoto waliokinzana na sheria. Kuna wanaosubiri kesi rimandi ya watoto, na kuna waliopelekwa na mahakama shule za kurekebisha tabia, kama ya Kabete kwa wavulana na ya Dagoretti kwa wasichana. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, tena kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ndio mwalimu alio nao.

Tuseme patipati za Brayo zimepotea bwenini, kisha anaziona miguuni mwa Kevo. “Usinizoee!” Ngumi inafuata. Ule ushauri wetu wa nyumbani, “achana naye,” haufai hapa. Waachane waende wapi, na vitanda vyao vimepakana? Mwalimu anayeijua kazi huwaigizisha tukio, tena kwa kubadilishana nafasi: Brayo awe aliyechukua, Kevo awe aliyechukuliwa. Kevo anasema: “Hizo ni zangu. Nimeenda kuoga miguu mitupu. Nirudishie.” Vicheko. Anaambiwa arudie, safari hii bila kunyoosha kidole.

Maneno yenyewe ni rahisi. Kazi ni kuyasema mbele ya bweni zima bila kuonekana fala, na hapo ndipo mafunzo mengi hukwama, kwa kuwaita waliogombana peke yao ofisini. Watazamaji waliokuwa wakichochea wamebaki nje. Nao wafunzwe: nani atamshika nani mkono, nani atanyamaza.

Ila uonevu usichanganywe na ugomvi. Mkubwa akimnyang’anya mdogo chakula kila jioni, kuwakalisha wapatane ni kumwambia mdogo avumilie. Hilo hupelekwa kwa msimamizi siku hiyo hiyo, na anayehamishwa meza ni mkubwa.