Mikro ndefu haivuti sauti ya mbali

Hapa Goma, vijana wengi wanaopiga filamu huamini kwamba mikro (maikrofoni) ndefu ya bomba huvuta sauti ya mbali, kama lenzi inavyosogeza sura. Basi huifunga juu ya kamera, mchezaji akasimama mita 4 mbele, na kazi ikaanza.

Imani hiyo inaeleweka, maana umbo lenyewe lafanana na darubini. Lakini bomba halikuzi kitu. Matundu ya ubavuni hupunguza sauti za pembeni, hasa zile nyembamba, lakini mngurumo mzito wa jenereta ya jirani (nani asiyeujua?) huingia karibu kama kawaida. Chumbani penye kuta tupu, mwangwi nao huivuruga. Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara 2, sauti hushuka kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ndiyo maana mafundi huishika mikro kwa fimbo juu ya kichwa cha mchezaji, nje kidogo tu ya picha.

Jaribu mwenyewe. Zima urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki, la sivyo kamera itakuficha tofauti. Sema sentensi moja ukiwa nusu mita, mita 1, kisha mita 2, halafu sikiliza kwa hedifoni.

Mimi ningenunua fimbo kabla ya mikro ya bei kubwa. Na kwa vumbi letu jeusi la lava, osha sifongo ya kukinga upepo, ikauke kabisa ndipo uirudishe. Matundu usiyapulize kwa mdomo: pumzi ina unyevu.