Je, wajua kwa nini wachota maji wa Mombasa walimfuata Mwingereza vitani?

Karibu na Ngome ya Yesu kuna jiwe la kumbukumbu ambalo wengi hulipita bila kulitupia jicho. Linamkumbuka Meja Wavell, ofisa wa Kiingereza, na Waarabu wake waliouawa katika msitu wa Mwele Januari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hao Waarabu hawakuwa mabwana wenye mashamba ya minazi. Wengi wao walikuwa Washihiri, watu wa Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu, waliokuja na majahazi kutafuta riziki, wakawa wauza kahawa na wachota maji wa mji.

Uchotaji maji ulikuwa kazi ya mabega. Kabla maji ya Marere kuletwa kwa mabomba kutoka vilima vya Shimba, mji ulikunywa maji ya visima, na mtu wa kukuletea hadi mlangoni alikuwa huyo Mshihiri na mzega wake: mti umelala begani, debe moja mbele, jingine nyuma, na mwendo wa kuyumba kidogo ili maji yasimwagike. Vipi mtu wa namna hiyo akashika bunduki kumtetea Mfalme wa Uingereza? Tena akaendelea kuishika hata baada ya Sultani wa Waturuki kule Istanbul, Novemba 1914, kutangaza jihadi dhidi ya huyo huyo Mfalme?

Tuanze na Wavell mwenyewe. Arthur John Byng Wavell alizaliwa 1882. Alisomea uaskari Sandhurst, akawa ofisa wa askari wa miguu katika kikosi cha Wales, na akiwa bado kijana alipelekwa Afrika Kusini kupigana na Makaburu. Vita vilipokwisha hakuwa mtu wa kukaa kambini akihesabu siku. Mwaka 1906 aliacha jeshi, akaja kulima mkonge Nyali, ng'ambo tu ya kisiwa. Huko alijifunza Kiswahili na Kiarabu, na nadhani ndiyo mali kubwa aliyochuma pale, maana mkonge hauwezi kumfanyia mtu yaliyofuata.

Mwaka 1908 alitia nia ya kwenda Makka, mji ambao asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia. Alichukua hati ya kusafiria ya Kituruki kwa jina la Ali bin Mohamed, Mzanzibari, akaandamana na Masaudi, Mswahili wa Mombasa, pamoja na Mwarabu mmoja wa Halab (Aleppo), mji wa Sham. Kwa nini Uzanzibari? Hapo ndipo penye ujanja. Kiarabu chake kilikuwa na kasoro, na angejidai mtu wa Misri au Sham angeumbuka siku ya kwanza. Lakini Mzanzibari kukiparuza Kiarabu si ajabu, na atakayemjaribu kwa Kiswahili atajibiwa kwa Kiswahili. Walipanda reli ya Hijaz, iliyokuwa imefika Madina mwaka huo huo, na hija ikamkuta Makka mwanzoni mwa 1909. Baadaye akaenda Sanaa, Yemen, akazingirwa humo na majeshi ya Imamu Yahya yaliyokuwa yakipigana na Waturuki. Alipotoka salama aliyaandika yote katika kitabu kilichotoka 1912.

Kuingia Haram kwa jina la uongo si jambo la kumpigia mtu makofi, na simpigii. Lakini Masaudi alikuwa mtu wa Mombasa, na Mombasa ina mabaraza. Mzungu aliyevaa ihramu, anayejua kuketi mkekani na kusalimia watu kwa adabu zao, si mgeni kama wageni wengine.

Agosti 1914 vita vikazuka. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya maofisa wa Kiingereza, hawakuzidi elfu mbili na mia chache kwa nchi zote za Kiingereza za upande huu, na wengi walikuwa mbali, hasa mpaka wa kaskazini. Pwani ilikuwa kama nyumba isiyo na komeo, na Wajerumani walikuwa Tanga, mwendo wa siku chache. Wavell akarudi jeshini, akaomba kuandikisha watu mjini. Washihiri wakajitokeza.

Mshahara ulisaidia, tusijidanganye. Kisha Washihiri hawakuwa raia wa Sultani wa Istanbul. Shihr na Mukalla, bandari za Hadhramaut, zilikuwa chini ya Sultani wa Kuaiti, aliyetiliana mkataba wa ulinzi na Waingereza tangu 1888. Isitoshe, kwao Hadhramaut mwanamume hutembea na jambia kiunoni, na bunduki si kitu cha kufundishwa ukubwani. Lakini kati ya Waingereza wa mji ule, mtu wa kuwaita kwa lugha yao, akajua la kuwaambia na la kunyamazia, alikuwa huyu mkulima wa Nyali.

Wajerumani walivuka mpaka kupitia Vanga, na Washihiri wa Wavell wakakutana nao njiani. Septemba 1914 Wavell alijeruhiwa vibaya. Oktoba 7 shambulio kubwa lilivunjwa Gazi, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Siku hiyo maofisa wa Kiingereza walipopigwa risasi mmoja baada ya mwingine, sajenti wa KAR aitwaye Sumani ndiye aliyeshika uongozi na kumsukuma adui nyuma. Jiwe lake sijaliona popote.

Wavell alipona, akapewa nishani, akarudi kwa watu wake. Kituo chao kilikuwa Mwele, msitu ule ule ambamo Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa na ngome yake hadi Waingereza walipoibomoa 1895. Januari 9, 1916, aliposikia kuna Wajerumani karibu, alitoka na kundi dogo kuwafuata, wakaangukia katika mtego. Aliuawa pamoja na askari wake kadhaa. Alikuwa na miaka 33.

Siku 41 baadaye, Februari 19, jemadari mpya wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki alishuka melini Mombasa, na vita vikahamia Kilimanjaro na kusini. Jina lake Jan Smuts. Miaka kumi na mitano nyuma, Wavell kijana akiwa Afrika Kusini, huyo Smuts alikuwa Kaburu wa upande wa pili.