Breki za dramu zikishikana na kutu: kabla ya nyundo, jua imeshika wapi

Juzi nimeitwa Shella, hapa hapa Malindi, kwa mzee mmoja ana Corolla 110 ya 1997. Gari ilikua imelala ubavuni mwa nyumba tangu kusi lianze, miezi mitano hivi, yeye alikua Mombasa kwa matibabu. Karudi, katia betri mpya, injini imewaka mara moja bila matata, lakini akitia gia gari inachutama nyuma kidogo halafu inabaki palepale. "Mwanangu, giaboksi imekufa," ndo neno la kwanza kuniambia, kabla hata sijaweka mkoba wa spana chini. Nikamuuliza, "Mzee wangu, ulipoiacha, hendibreki ulivuta?" Akanambia nimevuta mpaka mwisho, kwani si ndo usalama?

Giaboksi haikua na neno lolote. Ni breki za nyuma, dramu mbili zote, yale makopo ya chuma yanayozunguka pamoja na tairi, zimeshika kutu.

Kazi hii mimi naifanya sana, hasa kuanzia mwezi wa saba wakati wenye nyumba za Casuarina na Silversand wanaanza kurudi na kila mmoja ana gari iliokaa tangu mvua za Aprili. Na kila mwaka naona dramu zilizopasuliwa bure, maana mtu ameanza kugonga kabla ya kujua anagonga nini. Kwa hivo leo nataka nieleze pole pole.

Dramu ni chuma cha kusubu, na ule upande wake wa ndani hauwezi kupakwa rangi, kwa sababu ndipo shuu, vile vyuma vya kupinda vinavyotanuka kuikamata dramu, zinaposugua. Yaani ni chuma kitupu. Sasa huku kwetu upepo wa kusi unapiga kutoka baharini na unakuja na chumvi, chumvi inatua kila mahali, na tabia ya chumvi ni kuvuta unyevu wa hewa, hivo hata siku isionyesha mvua, usiku chuma kinalowa kwa umande na mchana chumvi inazuia kisikauke vizuri. Kutu ikiota inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Inavimba. Na ukiwa umevuta hendibreki basi lainingi ya shuu, ule uso wake wa kusugua, imekandamizwa kwenye dramu, maji yamenaswa hapo katikati, kutu inavimbia ndani ya lainingi yenyewe na vinagandana vitu viwili vinakua kimoja. Nshaona gari imekaa wiki mbili tu Mayungu karibu na ufuo ikashika. Wale wa malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni hawa hata sihitaji kuwaeleza.

Sasa, "breki imeshika" si ugonjwa mmoja. Inaweza kua lainingi imegandana na dramu. Inaweza kua kebo ya hendibreki imekufa ndani ya ganda lake, mkono ndani ya gari unashuka vizuri lakini kule nyuma kebo haijarudi. Inaweza kua pistoni za wili silinda, ile silinda ndogo ya mafuta ya breki inayosukuma shuu, zimekwama. Na inaweza kua breki zenyewe ziko huru kabisa, tairi linazunguka, ila dramu haitoki kwa sababu imeshikana na habu, kile kitovu kinachobeba tairi pale katikati. Kila moja ina dawa yake, na nyundo ni dawa ya moja tu katika hizo, tena kwa kiasi.

Mimi naanza hivi. Hendibreki chini, naingia uvunguni nitazame kebo upande wa tairi, naishika kwa mkono: ikiwa bado imekaza kama waya wa gitaa wakati mkono ndani uko chini, basi kebo ndo mwenye makosa, narudisha kale kamkono ka nyuma kwa bisibisi na mara nyingi tairi linaachia hapo hapo. Ikiwa kebo imelegea na tairi bado halitikisiki, ni lainingi. Hapo nawasha gari, gia ya kwanza kidogo, rivasi kidogo, klachi taratibu, kwenda na kurudi bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Mara nyingi utasikia TAK! na gari itatoka.

Hapa ndo watu wengi wanakosea. Wakisikia ile tak wanashukuru Mungu na wanaondoka. Usiondoke! Ile sauti yaweza kua kutu imeachia, lakini pia yaweza kua lainingi imebanduka kwenye shuu ikabaki imegandia dramu, na kipande kama hicho kikigeuka ndani ukiwa kwenye mwendo tairi linafunga ghafla. Ni lazima dramu itoke utazame kwa macho. Hili sina mjadala nalo.

Kuitoa basi. Magurudumu ya mbele yawekewe mbao mbele na nyuma, gari ikae juu ya stendi za chuma. Tafadhali msitumie jiwe la matumbawe. Najua liko kila uwanja na limebeba nyumba za mji mzima, lakini likibanwa kwa ncha moja linapasuka bila kukupa habari, na wewe uko chini yake.

Kabla hujavuta dramu rudisha nyuma ajasta, kale kachuma kanakosogeza shuu karibu na dramu. Shuu zinachimba dramu kidogo kidogo miaka yote hio, pale ukingoni zisipofika panabaki mdomo, na kutu inauongezea huo mdomo unene. Ukivuta dramu shuu zinajikwaa hapo. Nyuma ya lile bamba linalobeba shuu kuna kitundu kimezibwa na raba, ingiza bisibisi moja usukume kale kaulimi ka ajasta, na nyengine uzungushe gurudumu lenye meno. Kushoto na kulia zinazunguka kinyume, kwa hivo ukiona inakaza badala ya kulegea, geuza.

Halafu tazama uso wa dramu. Toyota nyingi na Kijapani nyenginezo zina matundu mawili yenye nyuzi za bolti, hayashiki kitu chochote, watu wanadhani ni urembo. Ni ya kazi hii. Safisha nyuzi, tia mafuta ya kupenya pale habu inapokutana na dramu na kuzunguka stadi, zile bolti za kufungia tairi, kidogo tu yasitiririke ndani kwenye shuu, ulale nayo usiku mzima kama una nafasi. Kesho yake ingiza bolti mbili za milimita nane, kaza nusu raundi huku, nusu raundi kule. Ikianza kua ngumu simama, gonga uso wa dramu kati ya stadi ukiwa umeweka kipande cha mti, mapigo mafupi, zunguka nayo. Mtikiso ndo unavunja kutu, si nguvu. Kisha nusu raundi tena.

Usigonge ukingo. Nilipokua mwanafunzi nilipiga ukingo wa dramu kwa nyundo ya kilo mbili, chuma cha kusubu hakipindi, kinakatika, na kikakatika kipande kama kiganja. Mwenye gari alikaa siku nne akingoja dramu kutoka Mombasa na alikua anaitegemea kupeleka watoto shule. Bado inaniuma.

Moto wa gesi mimi siupendi hapa, ndani kuna raba za wili silinda na mafuta ya breki yanashika moto, na mafuta ya kupenya ushayamwaga. Ikikataa kabisa nakata vichwa vya zile pini za kushikilia shuu nyuma ya bamba, dramu inatoka na shuu zake tumboni. Pini ni pesa kidogo, dramu si pesa kidogo.

Ikishatoka, usipulize lile vumbi, wala kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilikua na asbesto na vumbi lake linaua mapafu baada ya miaka mingi. Nyunyiza maji ya sabuni, ufute na kitambaa utupe. Na maji yawe ya mfereji, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, utakua unaosha kutu kwa mbegu ya kutu.

Gari ya mzee, lainingi ya kushoto ilikua imebanduka robo nzima. Nimebadilisha shuu pande zote mbili, huwezi kubadilisha upande mmoja, gari itavuta. Dramu nimezipima, ndani kumeandikwa MAX na kipimo chake, zilikua bado chini yake. Wili silinda moja ilikua inavuja, nimeweka mpya. Mafuta ya breki yalikua meusi kama kahawa, na haya yanafyonza maji: DOT 3 mpya haichemki mpaka nyuzi 205, ikishalowa inaweza kuchemka kwenye 140. Tumemwaga yote na kublidi, yaani kutoa hewa, kuanzia nyuma kushoto, ndo mbali zaidi na masta, ile pampu ya breki kule mbele. Habu nimeisugua kwa msasa ikang'aa, nikapaka grisi ya kopa nyembamba, na grisi ya breki pale shuu zinapotelezea kwenye bamba. Petroli na dizeli haziingii humu, raba zinavimba.

Jioni tumeijaribu mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Nimeshuka nikashika rimu zote mbili za nyuma kwa kiganja, joto sawasawa, kidogo tu. Tulipofika nyumbani mzee mkono ushaenda kwenye hendibreki, akausimamisha mwenyewe, akatia gia ya kwanza, akanituma nikalete zile mbao mbili niweke chini ya tairi.