Kipepeo wa Chungwa Mwenye Ncha Nyeusi: Tazama Bawa la Nyuma Kwanza!

Juzi tena, pale Ziwa Duluti karibu na Arusha, hata robo ya njia ya kulizunguka hatujamaliza, mgeni wangu kapiga picha kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zina mabaka meupe, programu ya simu ikampa jina Danaus chrysippus, simu ikarudi mfukoni. Nikamwambia dada subiri kidogo, hebu tuone bawa la nyuma. Akasema si inaonekana tu kwa rangi? Jamani. Nimeshajibu hilo swali mara nyingi mno, leo naliandika.

Rangi haitoshi kabisa. Danaus ana sumu aliyoitoa kwenye ile mimea yenye maziwa meupe aliyokula akiwa kiwavi, na ndege akishamwonja mmoja anajifunza kumkwepa. Kuna kipepeo wa spishi nyingine, Hypolimnas misippus; jike wake hana sumu hiyo, lakini kavaa sare ileile ya chungwa na nyeusi na ndege wanamwacha. Ni jike tu anayefanya hivyo, dume lake ni jeusi lenye mabaka meupe ya mviringo yaliyozungukwa na zambarau, ukiwaona pamoja hutadhani ni mtu na mke wake.

Sasa tazama bawa la nyuma, hesabu madoa meusi. Danaus anayo matatu katikati ya bawa, dume anaongeza la nne. Misippus ana moja tu, kwenye ukingo wa mbele, na hapo ndipo watu wanapokosea hata nikishawaeleza, maana akitulia bawa la mbele mara nyingi linashuka linafunika ule ukingo, doa halionekani, mtu anasema halipo. Halionekani na halipo ni vitu viwili tofauti! Na usitegemee ncha nyeusi, kuna Danaus wasio nayo kabisa, wanaitwa dorippus, huku kwetu ni wa kawaida, na misippus naye ana majike wa kuwaiga hao hao.

Kwa hiyo piga picha ya juu, halafu subiri afunge mabawa upige ya ubavuni, halafu na mmea aliokalia. Nenda asubuhi, saa tatu hivi, bado wanaota jua, na kivuli chako kisimfikie, ataruka. Andika na tarehe, maana kuna kipepeo mwingine, Precis octavia, wa masika ni mwekundu wa chungwa na wa kiangazi ni wa bluu, spishi ileile moja, na bila tarehe utaniletea kama wawili.

Ila picha nazo zina mwisho wake. Vile vibluu vidogo vinavyokaa kwenye udongo wenye unyevu, vingi naviacha kwenye ngazi ya familia, na wapo ambao hata picha safi haisaidii mpaka mtaalamu achunguze viungo vya uzazi kwa hadubini. Naandika Lycaenidae, jina la familia yao, naishia hapo, siweki jina la kubahatisha ili orodha ipendeze.

Yule wa juzi tulimsubiri. Picha ya kwanza doa lilikuwa limefunikwa, ya pili ikatikisika, ya tatu akafunga mabawa vizuri: doa moja, ukingoni. Dada akafuta jina la kwanza mwenyewe, akaandika misippus, jike.