Kisamvu Hakitwangwi kwa Ajili ya Kulainika Tu

Mapishi rahisi ndiyo yanayosambaa upesi. Mtu kapika kisamvu cha nazi kwake Mikindani, wageni wamekisifia, na usiku huohuo maelezo yameshaingia kwenye kundi la WhatsApp: "Chemsha, saga, tia nazi, tayari." Yakifika kwa mtu wa tano yamebaki mistari mitatu, na hatua iliyoachwa njiani ndiyo iliyokuwa na kazi. Wanaokuja kwangu kujifunza kupika hapa Mtwara huja na maelezo ya namna hiyo kwenye simu, na karibu wote wanalo lile la kisamvu. Kulisahihisha kwa mdomo nimechoka, kwa hiyo naliandika.

"Chemsha majani kwanza, ndipo uyasage. Yanasagika vizuri."

Hapana. Katika yote yanayosemwa jikoni hapa kusini, hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine, kwa sababu anayelifuata anajiona amerahisisha kazi kumbe ameondoa kinga.

Jani la muhogo lina kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya jani hilohilo, lakini mahali pengine, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Jani likiwa zima, hivi viwili havikutani. Ukilitwanga likiwa bichi, seli zinapasuka, vinachanganyika, na kimeng'enya kinaanza kuivunja linamarini. Kinachotoka mwishoni ni sianidi ya haidrojeni. Ni sumu, ndiyo, lakini ni sumu isiyokaa: huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu. Joto la mchana wa Mtwara linaanza kuipeperusha, na moto wa jikoni unamalizia.

Sasa anza na maji ya moto uone. Kimeng'enya ni protini, kinaharibika kwa joto kabla hakijafanya lolote. Linamarini yenyewe kuchemka haiisumbui, inabaki. Ukija kusaga baada ya hapo unapata kisamvu laini sana ambacho sumu yake haijaguswa, isipokuwa ile iliyoyeyukia kwenye maji. Na wengi hawayamwagi hayo maji, wanasema vitamini zitapotea. Basi hata kile kidogo kilichotoka kimerudi kwenye sufuria.

Hata kuyachovya majani kwenye maji ya moto "kidogo tu, yanywee" kabla ya kuyatia kinuni ni kosa hilohilo. Ukitaka yanywee, yaanike juani saa moja au mbili. Jua halikiui kimeng'enya.

Hapo ndipo huja swali: "Mbona tunakula hivyo na hatufi?" Kiasi cha linamarini hakilingani. Mmea na mmea hutofautiana, majani machanga yana nyingi kuliko yaliyokomaa, na mwaka wa ukame huongezeka. Mwili nao una njia ya kuigeuza sianidi kidogo na kuitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotokana na protini. Anayekula samaki, dagaa au kunde kila siku anahimili zaidi. Mtoto wa miaka mitatu anayelishwa ugali wa muhogo kwa kisamvu siku nyingi mfululizo hana akiba hiyo, na mwili wake ni mdogo. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na tumbo kusokota baada ya kula si "upepo mbaya". Mtu mwenye dalili hizo baada ya kula muhogo au kisamvu apelekwe hospitali, na wanaompeleka waseme alichokula.

Kwa watu watano au sita, fanya hivi. Chukua nusu kilo ya majani mabichi, yale ya juu, vikonyo vigumu ukiwa umeviondoa. Yaoshe na uyachuje maji. Yatie kinuni pamoja na chumvi kijiko kimoja cha chai, punje nne za kitunguu saumu na nyanya chungu tatu. Twanga mpaka usiweze kuona tena umbo la jani. Ukibana kidogo kati ya vidole, kiwe rojo zito lenye nyuzi fupi. Ukiona vipande vya ukubwa wa kucha, bado, endelea. Kitandaze kwenye beseni pana, kiache wazi nusu saa hadi saa nzima. Hiyo nusu saa ndiyo ya kwanza kuachwa katika maelezo ya kwenye simu, na haina kazi yoyote kwako, unakuna nazi huku inapita.

Weka lita moja ya maji kwenye sufuria pana, tia kisamvu, na kikianza kuchemka usifunike. Moto wa wastani, dakika 45 hadi saa nzima, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Wanaofunika ili kuokoa mkaa wanaizuia gesi isitoke, na pia wanakifanya kisamvu kigeuke rangi ya kahawia, kwa sababu zile asidi za jani ambazo zingetoka na mvuke zinadondoka tena ndani na kuiharibu rangi ya kijani. Kisamvu cha kijani kibichi mezani kimepikwa wazi.

Wakati kinachemka, loweka kikombe kimoja cha korosho zilizobanguliwa (nunua za vipande, bei yake ni nafuu na huku zinapondwa tu) kwenye maji ya moto nusu saa, kisha ziponde ziwe laini. Kisamvu kikiiva, tia tui la pili vikombe viwili, korosho na kitunguu maji kimoja kilichokatwa. Pika dakika 15 hadi 20 ukikwangua chini ya sufuria, maana korosho huganda chini na kuungua haraka kuliko nazi. Malizia na kikombe kimoja cha tui la kwanza, dakika tano, moto mdogo. Chumvi ionje mwisho, maana nyingine ilishaingia kwenye kinu.

Huna kinu? Mashine ya kusagia nyama inafaa kabisa, na kisamvu cha mashine cha sokoni pia, mradi kimesagwa laini na ni cha siku hiyo. Kilichoshinda kwenye mfuko wa plastiki tangu asubuhi kimeshachacha, unusie kabla ya kulipa. Blenda nayo inafaa ikiwa majani ni mabichi. Na ikiwa majani yameshachemshwa mazima, usiyatupe: yakate vipande vidogo sana, yachemshe tena kwa maji mengi, umwage maji yote, urudie. Hapo vitamini zimepotea kweli, lakini hiyo ndiyo gharama ya kuanza kinyume.

Mengine ya kisamvu nayamaliza kwa haraka. Eti majani ya muhogo mtamu hayana sumu: yanayo, utamu wa mzizi hauna habari na jani. Eti kisamvu mpira ni mti mwingine hivyo hakihusiki: kinahusika, kitwange vilevile. Eti magadi yanachukua nafasi ya kutwanga: magadi hulainisha nyuzi na kuua vitamini B1, hayalipasui jani likiwa bichi kama mchi unavyolipasua. Mimi siyatii kabisa.

"Makopa yakikauka kabisa, unga wake ni salama."

Hili ni ndugu wa lile la kwanza, na lina uzito wake hapa kwetu, maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo ulirekodiwa Mtwara. Konzo hupooza miguu ghafla na haiponi. Huwapata wanaokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, kwa wiki kadhaa, huku protini ikiwa chache kwenye chakula. Kuanika vipande vinene vya muhogo mchungu juani peke yake hakutoshi: vinakauka nje kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi yake ndani.

Unga wa namna hiyo una tiba rahisi. Tia unga mkavu kwenye bakuli, weka alama pale ulipoishia. Ongeza maji kidogokidogo ukichanganya. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye ile alama, acha kuongeza. Tandaza rojo hilo kwenye sinia au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, uliache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Ladha haiharibiki, na uchungu unapungua. Kama kuna hatua moja ya kumtumia rafiki anayeishi kwa ugali wa muhogo, mtumie hii kabla ya mboga zote.

"Tui limekatika kwa sababu nazi ilikuwa mbovu."

Mara nyingi nazi haina kosa. Tui ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya maji na protini kidogo. Moto mkali ukiliacha bila kulikoroga, au ukalikutanisha na ukwaju, limau au embe bichi likiwa linachemka kwa nguvu, protini zinaganda na mafuta yanajitenga. Kwa mchuzi wa samaki, pika nyanya na ukwaju mpaka viive kabisa, tia tui la pili na samaki, na tui la kwanza liingie mwisho kwa moto mdogo. Lianze kutoa mapovu pembeni, uepue. Limau likamuliwe kwenye sahani.

Kukoroga upande mmoja tu hakuna maana yoyote. Koroga upande unaotaka, ila usiache kukoroga. Na tui lililokatika linalika, halidhuru. Kasoro yake ni sura.

"Chumvi inazuia mbaazi kuiva."

Haizuii. Ukiziloweka usiku kucha kwenye lita mbili za maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, ganda linalainika vizuri zaidi. Zinazozuia ni nyanya na ukwaju vilivyowahi kuingia, maji ya kisima yenye chokaa nyingi, na mbaazi zilizokaa ghalani misimu miwili. Subiri mbaazi ibonyee kati ya vidole, ndipo utie nyanya.

"Korosho za ganda kaanga tu jikoni."

Usijaribu. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Korosho huchomwa nje, kwenye bati lililotobolewa, wewe ukiwa upande unakotoka upepo. Zikishika moto na kuwa nyeusi, zimwage chini uzifukie kwa mchanga mpaka moto uzime, kisha pakaza majivu mikononi kabla ya kubangua. Watoto wakae mbali.

"Samaki akipikwa sana, hata akiwa amelala, hana neno."

Kwa jodari, nguru na vibua, hili ni hatari. Nyama ya samaki hawa, ikikaa kwenye joto saa chache, bakteria huigeuza sehemu yake kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Limau haiiondoi. Mtu akila, kabla ya saa kupita uso unakuwa mwekundu au wa moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga, na pengine anaharisha. Watu husema "ana aleji ya samaki", kumbe wiki iliyopita alikula jodari huyohuyo na hakupata kitu, kwa sababu yule alikuwa na barafu. Kipande kinachochoma ulimi kama pilipili wakati hukukitia pilipili, kiteme, na sufuria nzima uimwage.

Harufu haitoshi kukuambia, kwa sababu histamini inaweza kuwepo kabla samaki hajanuka. Ukienda feri, iwe Mtwara, Lindi au Kilwa, beba ndoo yenye mfuniko na barafu inayolingana na uzito wa samaki, kilo kwa kilo. Muulize muuzaji chombo kimeingia saa ngapi, na kama samaki alilala baharini bila barafu, usichukue. Akifika nyumbani mtoe matumbo na magamba mara moja, mpike au umgandishe. Siku ambayo huna barafu na safari ya kurudi ni ndefu, acha jodari, chukua changu au tasi. Hao hawana tabia hiyo ya histamini, na kwenye mchuzi wa nazi wanakaa vizuri zaidi.