Drai nidilingi na akupancha, sindano ni ileile lakini kazi si moja

Ukiona mtu kalala kifudifudi na visindano vimemsimama mgongoni utasema tu hiyo akupancha, tiba ya sindano ya Kichina, kumbe inaweza kuwa drai nidilingi, ya kulegeza misuli iliyokaza, inayofanywa na mafizio, yaani wataalamu wa tiba ya viungo na misuli. Kwa upande wa kifaa hujakosea, sindano ni zilezile, unene robo milimita hivi, hazina tundu wala dawa. Kinachotofautiana ni yule anayechoma anatafuta nini.

Chukua mtu anayeshinda kwenye kompyuta, shingo imekaza. Akienda kwa fizio wa drai nidilingi, atapapaswa msuli wa juu ya bega mpaka ipatikane sehemu ngumu ambayo ukiibonyeza maumivu yanapanda hadi kichwani, wanaiita triga pointi. Sindano inaingia hapohapo, inapandishwa na kushushwa kidogo, mara msuli unaruka wenyewe bila wewe kutaka, na fizio ndo anachokitaka hicho. Muda si mrefu imeshatoka. Kesho yake bega linauma kama ulibeba zege, usishtuke.

Huyohuyo akienda kwa daktari wa akupancha ya Kichina ataulizwa usingizi, choo, hamu ya kula, atoe ulimi uangaliwe, apimwe mapigo mikono yote miwili. Halafu anaweza kuchomwa mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, pointi ya Hegu, na bega lisiguswe kabisa! Analazwa hapo na sindano zake kama dakika 20 au 30. Wao wanaamini kuna nguvu inaitwa qi inapita kwenye njia za mwili, elimu ya zaidi ya miaka 2000, na WHO, Shirika la Afya Duniani, ilishaorodhesha pointi 361.

Drai nidilingi ni ya juzi tu. Janet Travell, yule daktari wa Rais Kennedy, alikuwa anadunga dawa ya ganzi kwenye triga pointi, baadaye 1979 daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia akaandika kwamba hata sindano tupu inatuliza maumivu, na inaitwa drai, yaani kavu, kwa sababu haina dawa.

Watu wa akupancha wanasema wameibiwa, tena na watu waliosoma kozi ya wikendi kadhaa wakati wao wamesota miaka. Marekani walifikishana mpaka mahakamani, jimbo la North Carolina mafizio wakashinda 2018, ila California mpaka leo hawaruhusiwi. Mafizio nao huwacheka wenzao kuhusu qi, ila mi naona wapunguze, maana hata hizo triga pointi ukiwapa mafizio wawili mgonjwa mmoja wapapase, mara nyingi kila mmoja anaonyesha kwake. Na sindano za uongo kwenye tafiti, zile za kuigiza tu ili zilinganishwe na za kweli, nazo huwa zinapunguza maumivu, pengo na za kweli mara nyingi ni dogo.

Kwa vyovyote, ukichomwa karibu na bega au kifua halafu ukaanza kubanwa pumzi au kifua kikakuchoma ukivuta hewa, hata kama ni masaa baadaye, nenda hospitali siku hiyohiyo, sindano inaweza kuwa imegusa pafu.